Cobra ilikatika, lakini lawama ziende wapi?

Asubuhi ya tarehe 18 Septemba 1901, destroya mpya ya Uingereza, yaani manowari ndogo yenye mwendo mkali, iitwayo Cobra ilikatika vipande viwili katika Bahari ya Kaskazini, karibu na fungu la mchanga la Outer Dowsing, nje ya pwani ya Lincolnshire. Ilikuwa imetoka mto Tyne jana yake, ikielekea Portsmouth. Walikufa watu 67, wakapona 12. Miongoni mwa waliozama alikuwamo Robert Barnard, meneja wa kiwanda cha Charles Parsons kilichotengeneza injini zake, pamoja na mafundi aliokwenda nao.

Manowari za aina hii bado zilikuwa changa. Ya kwanza, Havock, ilikuwa na umri wa miaka minane tu. Kazi yake ilikuwa kuzikimbiza mashua za adui zilizobeba torpido, yaani mabomu yanayokwenda chini ya maji, na kwa sababu hiyo kila kitu kilipimwa kwa mwendo. Havock ilipewa mwendo wa noti 26 (noti ni kipimo cha mwendo wa meli, moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa); kabla ya muongo kwisha Admiralty, idara iliyosimamia jeshi la majini, ilikuwa inadai 30. Uzito ukipungua, mwendo unaongezeka, na uzito wa kupunguza ulikuwa kwenye mabamba ya chuma.

Kisha akaja Parsons na tabaini, injini ambayo mvuke wake huzungusha mhimili moja kwa moja badala ya kusukuma pistoni juu na chini. Mwaka 1897, kwenye gwaride la manowari huko Spithead kwa ajili ya miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, chombo chake kidogo, Turbinia, kilipita katikati ya manowari zilizotia nanga, na za ulinzi zikashindwa kukifikia. Miaka miwili baadaye zikazinduliwa destroya mbili za tabaini. Viper iliagizwa na jeshi lenyewe, na katika majaribio ikapita noti 36, yaani zaidi ya kilomita 66 kwa saa. Cobra ilijengwa na kampuni ya Armstrong Whitworth kwa mtaji wake yenyewe, bila oda ya serikali, kisha Admiralty ikainunua.

Viper ndiyo iliyotangulia kupotea. Agosti 1901, wakati wa mazoezi, ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Alderney kukiwa na ukungu. Watu wote waliokolewa. Wiki sita baadaye ikafuata Cobra. Msomaji wa magazeti wa siku hizo angelaumiwa vipi kwa kudhani kwamba tabaini ina nuksi? Wengine walikwenda mbali zaidi, wakalaumu majina ya nyoka, kwa kuwa hata Serpent ilikuwa imezama pwani ya Uhispania mwaka 1890. Tuwaache hao.

Hoja nzito ni ile ya mahakama ya kijeshi. Ilichunguza, ikaamua kwamba Cobra haikugusa fungu wala haikugonga kitu chochote. Ilikatika kwa udhaifu wa kiunzi chake. Ikaongeza kwamba ilikuwa dhaifu kuliko destroya nyingine, na kwamba ni jambo la kusikitisha kuwa ilinunuliwa. Si kawaida kwa maofisa wa jeshi kuwaambia wakubwa wao maneno ya namna hiyo hadharani.

Upande wa pili haukuwa na hoja nyepesi. Admiralty iliunda kamati, na kamati ikaichukua destroya nyingine, Wolf, ikaiweka kwenye gudi kavu, bwawa la kutengenezea meli linalotolewa maji. Kwanza ilishikiliwa katikati huku omo (mbele) na tezi (nyuma) zikining'inia, kisha ikashikiliwa ncha mbili huku tumbo likiwa tupu chini. Baadaye ikapelekwa baharini kukiwa na dhoruba, ikiwa na vipimo vya kupima jinsi chuma kinavyovutika. Mkazo uliopatikana ulikuwa mdogo kuliko ule wa mahesabu ya karatasini. Kwa watetezi wa Cobra hilo lilitosha: kama kiunzi cha aina hii kinastahimili mawimbi kiasi hicho, basi lazima Cobra iligonga kitu, labda mabaki ya meli yaliyokuwa yakielea.

Mimi siridhiki na utetezi huo. Wolf si Cobra. Kilichopimwa gudini kilithibitisha uimara wa Wolf, na kilichoulizwa mahakamani kilikuwa chombo kingine, ambacho hakikujengwa kwa oda ya jeshi. Hata hivyo mahakama nayo ilisema kwa uhakika mkubwa mno kwamba hakikugonga kitu, ilhali waliopona walikuwa 12 tu na asubuhi yenyewe ilikuwa ya bahari chafu. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani: ukizunguka hoja zote unarudi kwenye kiunzi na aliyekikubali. Aliyenunua alivutiwa na namba ya noti.

Kuhusu tabaini, nadhani ilisafishwa na matukio yaliyofuata. Kasoro yake halisi ilikuwa ulafi wa makaa ya mawe kwenye mwendo wa polepole, ndiyo maana Velox, destroya ya tabaini iliyofuata, iliongezewa injini ndogo za pistoni kwa safari za kawaida. Mwaka 1906 Dreadnought, manowari kubwa kuliko zote za wakati wake, ikatoka na tabaini.

Kwenye viunzi, Admiralty ilibadilika kwa vitendo. Destroya za kundi la River, zilizoanza kuzinduliwa mwaka 1903, zilikuwa imara zaidi, zimeinuliwa omo, na zilitakiwa kufikisha noti 25.5 tu. Wakosoaji waliona ni kurudi nyuma. Lakini noti 30 za zile za awali zilipatikana maji yakiwa shwari na chombo kikiwa chepesi. Bahari ikichafuka, River zilishika mwendo wao. Mojawapo, Eden, ilipewa tabaini. Kisha Oktoba 1904 John Fisher, yule yule aliyesimamia kuzaliwa kwa Havock, akapanda kuwa mkuu wa jeshi la majini, na destroya zilizofuata, za kundi la Tribal, zikatakiwa kufikisha noti 33.