Katibu Mkuu Aliyekuwa Waziri

Anayetaka kujua kwa nini serikali zetu na asasi za kiraia hutazamana kwa jicho la pembeni aanzie kwenye mkonge wa Muheza na Korogwe, si kwenye kumbi za semina za Dar es Salaam.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 vibarua wa mashamba hayo walikuwa na chama chao, wakigoma, na vyama vya wafanyakazi vikisimama upande wa TANU. Uhuru ukaja 1961. Mwaka uliofuata tu ikapita sheria ya kubana migomo. Mwaka 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba, akapelekwa kukaa Sumbawanga, mbali na watu wake. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, shirikisho la vyama likavunjwa na NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ikaundwa kwa sheria, Katibu Mkuu wake akiteuliwa na Rais. Aliyeteuliwa, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Mlalamikaji na mlalamikiwa wakakaa kiti kimoja.

Serikali ilikuwa na hoja, nami siidharau. Wenye mshahara walikuwa wachache, wakulima ndio umma. Mkata mkonge akiongezwa, mkulima wa mahindi wa Handeni anapata nini? Na bei ya katani haikupangwa Tanga. Mwenye shamba akibanwa, hupunguza watu. Ila hoja hiyo ina tundu: vyama vya ushirika vya wakulima haohao navyo vilivunjwa, mwaka 1976. Kumbe shida haikuwa mshahara wa manamba.

Asasi za leo nazo si malaika. Nyingine huandika andiko la mradi kumfurahisha mfadhili wa Ulaya, na mwanakijiji anajua habari siku ya posho. Serikali ikiuliza fedha zimetoka wapi, ni swali halali, japo mara nyingi huulizwa kwa sauti ya kutisha.

Kinachonitatiza zaidi ni BMU, vikundi vya ulinzi wa rasilimali za bahari katika mialo yetu. Vimezaliwa na serikali, na vinamtegemea afisa uvuvi vinapopambana na wapiga baruti, wanaovua kwa milipuko. Kwa vitabu vya wasomi hizo si asasi huru. Lakini mvuvi humchagua mwenyekiti wake kwa kura, na kwa kura anaweza kumtoa. Mkata mkonge wa 1964 hakuweza kumgusa Kamaliza.