Khedive Ismail na askari wetu wa mizinga

Wanaoandika habari za Khedive Ismail, meli ya askari iliyozamishwa na nyambizi ya Kijapani mwaka 1944, kwa kawaida hubishania jambo moja: je, nahodha wa Petard, manowari ya Kiingereza iliyokuwa ikiilinda, alitenda haki kutupa mabomu mahali ambapo manusura walikuwa wakiogelea? Swali ni zito, sikatai. Ila naona limeachiwa nafasi kubwa mno, na walio wengi kati ya waliokufa wamebaki nyuma yake. Hao walikuwa wetu, askari wa Afrika Mashariki.

Meli yenyewe haikuundwa kwa vita. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa jina la Aconcagua, ikabeba abiria wa kampuni ya Chile. Mwaka 1935 ikauzwa Misri, ndipo ilipopewa jina la mtawala wao wa zamani. Mwaka 1940 Waingereza wakaichukua kusafirishia askari. Ngazi na kumbi zake zilijengwa kwa ajili ya watu wanaoshuka taratibu kwenda kula, si kwa mamia wanaogombea kutoka kwa pamoja.

Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo, ikiwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari pamoja na maofisa wao. Walikuwa njiani kwenda kujiunga na wenzao, ambao baadaye mwaka huohuo walipigana Burma. Walikuwemo pia mabaharia wa Uingereza, wauguzi na wanawake wa idara za jeshi. Msafara ulikuwa wa meli tano za askari, zikilindwa na manowari tatu tu.

Jumamosi tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, saa nane na nusu mchana, abiria wengi walikuwa ndani ya ukumbi wakitazama burudani. Nyambizi ya Kijapani I-27 ikafyatua topido, mbili zikaipata Khedive Ismail. Ngazi kuu ikaporomoka, meli ikalala ubavu. Dakika mbili hivi, ikawa imezama. Fikiria mtu aliyekuwa chini tumboni mwa meli, kwenye sehemu wanayolazwa askari wa kawaida: dakika mbili hazimtoshi hata kujua mlango uko upande gani.

Kilichofuata ndicho kinachojaza kurasa. Manowari za Petard na Paladin zikageuka kuisaka nyambizi, nayo ikawa imejificha chini ya maji palepale manusura walipokuwa wameshikilia mabaki. Nahodha Rupert Egan akaamuru mabomu ya kulipukia chini ya maji yatupwe. Walionusurika topido wakauawa na mabomu ya walinzi wao. I-27 ikalazimika kuibuka, na baada ya mapambano marefu Petard ikaimaliza kwa topido.

Mimi simhukumu Egan. Angeiacha nyambizi ile, meli nne zilizobaki zingekuwa hatarini. Lakini hebu tupige hesabu. Walikufa watu 1,297, wakapona 214. Wengi wa hao waliokufa walishuka na meli kabla bomu la kwanza halijatupwa. Nao hata tukisema kwamba manusura wote 214 walikuwa wa kikosi cha 301, jambo ambalo si kweli, bado zaidi ya 780 wa kikosi hicho walibaki baharini. Wanawake 77 waliokufa siku ile wameandikwa kwa uchungu unaostahili. Askari wa mizinga mara nyingi hupewa mstari mmoja wenye tarakimu, kisha msimulizi anarudi kwa nahodha.

Najua atakayeniambia: hivyo vilikuwa vita vya Wazungu, wa nini kuwalilia watu waliopigania himaya iliyokuwa imetutawala? Hoja hii naielewa, na shuleni tumelelewa nayo: Hitler, Mussolini, Hiroshima, basi. Lakini kijana aliyeingia jeshini kwa sababu ya mshahara, au kwa amri ya mkoloni, hakuwa ndiye aliyeitaka himaya. Tukimkana kwa sababu ya bendera aliyowekwa chini yake, tunamwachia mkoloni aamue hata nani ni marehemu wetu. Isitoshe, ajali za maji za karibuni, kivuko cha Mtongwe 1994 na meli ya MV Bukoba 1996, hatukusubiri mgeni aje kutukumbusha.

Waliopotea wana mnara Nairobi, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road. Ni vizuri, lakini uko bara, mbali na bandari walikopandia meli, na sidhani kama ni wengi wanaokwenda huko bila kutumwa.

Mombasa ingeweza kufanya vizuri zaidi. Makumbusho ya Fort Jesus yanaonyesha vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Ikiwa tumeipa nafasi meli ya watu waliokuja kututeka, ukuta mmoja unaweza kupatikana kwa vijana waliotoka Kilindini mwaka 1944. Waandikwe majina yao yote, kwa Kiswahili, na mahali alikotoka kila mmoja pale panapojulikana. Na familia yoyote iliyohifadhi barua au picha ya babu wa kikosi cha 301 iombwe kuileta inakiliwe, kabla wajukuu hawajahama nyumba na sanduku likatupwa.