Ukifika ziwani, keti

Wengi wanaokwenda kutazama ndege na wanyama ziwani hutembea mno. Huzunguka ufuo mzima, kisha wanarudi na picha za migongo ya bata wanaokimbia. Kwangu mimi, saa moja ya kuketi mahali pamoja inazidi mzunguko wote huo, mradi mahali penyewe pamechaguliwa vizuri.

Asubuhi kaa ufuo wa mashariki utazame magharibi, jua likupige mgongoni. Jioni, kinyume chake. Ukikosea hapo, kila ndege atakuwa kivuli cheusi tu juu ya maji yanayometameta. Keti mbele ya kichaka, si nyuma yake: majani yaliyo mgongoni yanavunja umbo lako, na macho yanabaki huru. Ukisubiri wanyama wanaoshuka kunywa, upepo uvume kutoka kwao kuja kwako.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za upana wa milimita 42, inatosha kabisa. Wauzaji husifia 12x25 kwa kuwa inakuza zaidi na inaingia mfukoni, lakini gawa 25 kwa 12: mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 2 hivi. Ile ya 8x42 inakupa zaidi ya 5, na alfajiri, mboni ikiwa imepanuka, tofauti ni kubwa. Tena mtetemo wa mkono nao unakuzwa mara 12.

Irekebishe kabla ya yote. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione sawasawa. Kisha fumba la kushoto, uzungushe pete ya upande wa kulia peke yake. Wanaoruka hatua hii huumwa kichwa na kulaumu lenzi. Ukimwona ndege, usimwondolee macho. Inua darubini mpaka ikutane nayo.

Na umbali wa kumsogelea ndege? Ndege mwenyewe atakwambia. Akiacha kula na kunyoosha shingo, simama hapo hapo. Akianza kuogelea taratibu kwenda zake, umeshapita kiasi. Kwenye viota ndipo ninapowaomba watu wawe na huruma zaidi. Kibisi, ndege wa majini mwenye kuzamia, akishtuka akiwa anaatamia, huvuta majani mabichi kwa mdomo, anayafunika mayai haraka haraka, kisha anateleza majini bila kishindo. Ukiliona hilo, rudi nyuma polepole mara moja. Usibaki ukingojea picha yake akirejea: ukiwa bado hapo anasita kurudi, na mayai yanazidi kupoa.