Nyanya za Dar Zisubiri Kipupwe

Mwezi Februari, mche wa nyanya hapa Dar es Salaam unaweza kurefuka vizuri, ukajaa majani na maua tele, kisha maua yakaanza kudondoka na vikonyo vyake. Wengi hukimbilia duka la pembejeo wakaambiwa wapige dawa, au waongeze mbolea. Mara nyingi tatizo ni joto, hasa la usiku. Usiku ukizidi nyuzi 23 au 24 mfululizo, chavua hudhoofika na ua halishiki tunda. Januari na Februari usiku wetu hukaa kwenye 24 au 25. Julai hushuka mpaka 18 au 19. Kwa maoni yangu, mwenye ndoo na kiwanja kidogo Mbagala au Goba alime nyanya mara moja tu kwa mwaka, kipupwe. Ile ya kupanda mwaka mzima tuwaachie watu wa Lushoto, kwenye milima yenye baridi.

Hesabu ianzie kwenye ua na kurudi nyuma. Tunataka maua yafunguke kuanzia mwishoni mwa Juni. Mche huchanua wiki nne hadi sita baada ya kupandikizwa, na kitaluni hukaa wiki nne hivi. Kwa hiyo mbegu ziatikwe katikati au mwishoni mwa Aprili, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Hapo ndipo watu hughairi, wakangoja jua la Juni, na maua yao yakachelewa hadi Agosti au Septemba, kipupwe kikiishia. Kitalu kiwekwe pembeni mwa baraza, penye mwanga wa kutosha lakini mvua isikifikie. Mbegu iende chini sentimita moja tu, na maji yasizidi: udongo ukilowa muda wote, kinyausi, ugonjwa wa kuoza kwa miche, huikata shingoni kwa usiku mmoja.

Mbegu usikamue kwenye nyanya za sokoni. Nyingi siku hizi ni chotara, na watoto wake hawafanani na mama. Tanya na Tengeru 97 ni mbegu za kawaida, unaweza kujiwekea za mwakani.

Jambo la pili nisilobishana nalo tena: panda kwenye ndoo. Ardhi za mjini hapa, hasa palipowahi kuwa na nyanya, bilinganya, ngogwe au pilipili, huficha mnyauko bakteria. Mche hulala mchana ungali wa kijani, jioni unaamka kidogo, baada ya siku chache haunyanyuki. Ukitaka uhakika, kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio huo. Hauna dawa. Ng'oa mche pamoja na udongo wake, na usiutupe kwenye mboji.

Ndoo iwe ya lita 20, itobolewe matundu sita ya ukubwa wa kidole kitakoni, mche mmoja tu kwa ndoo. Changanya makopo mawili ya udongo, moja la samadi iliyooza sawasawa na moja la pumba za mpunga zilizokwisha kuwa nyeusi. Samadi mbichi, na ya kuku ndiyo mbaya zaidi, huunguza mizizi. Na hiyo Januari yenye joto lisilofaa kwa maua inafaa kwa kazi hii: lowesha udongo, utandaze unene wa sentimita 15, ufunike kwa nailoni angavu na kuibana kingo kwa wiki sita. Jua litapunguza sana minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi, na vimelea vingine.

Pandikiza jioni, ukizamisha shina mpaka karibu na majani ya chini, kwani sehemu iliyofukiwa nayo hutoa mizizi. Simika mti wa mita moja na nusu siku hiyohiyo. Ukingoja mche ukue, utakata mizizi. Maua ya kwanza yakitokea, weka kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya CAN kuzunguka ukingo wa ndani wa ndoo, mbali na shina, kisha urudie baada ya wiki tatu. Ukizidisha utavuna majani.

Maji ndiyo yanayoangusha wengi. Lita moja kwa siku mche ukiwa mdogo, mbili hadi tatu ukibeba, kila asubuhi, na matandazo juu. Ukiruka siku mbili kisha ukafidia kwa ndoo nzima, matunda yatapasuka au kitako kitaoza na kuwa cheusi. Watu huuita ugonjwa, kumbe ni kalsiamu iliyoshindwa kufika kwenye tunda kwa sababu maji hayakuwa na mpangilio. Maji ya kisima yenye chumvi huleta shida hiyohiyo. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za majani zimeungua, tumia ya mvua au ya bomba.

Kantangaze, kiwavi wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, huchora mabaka mapana angavu kwenye majani kisha hutoboa tunda. Kwa ndoo kumi, mikono inatosha: chuma majani hayo kila baada ya siku mbili, yafunge kwenye mfuko mweusi na uuache juani. Shughuli hiyo haizidi dakika kumi.