Seva ya Bakapu Ikikataa Kompyuta Mpya, Usikimbilie Kuzima Ulinzi

Kuna tabia ya mafundi wa kompyuta hapa Kisumu inayoniudhi, na leo nitaisema. Fundi anaitwa kwenye sacco au zahanati aongeze kompyuta moja kwenye mfumo wa bakapu, yaani wa kuhifadhi nakala za mafaili yasipotee. Anaweka programu, anarudi kwenye seva, na seva inamwambia utambulisho umekataliwa. Hata hajausoma ujumbe ukaisha, ameshazima faiawoli, ule ulinzi unaochuja mawasiliano ya mtandao. Ikikataa tena, anaweka nenosiri moja rahisi kwenye mashine zote. Saa kumi na moja imegonga, watu wanawahi matatu za Kondele, kazi inahesabiwa imekwisha.

Kuzima faiawoli hapo hakusaidii kitu. Faiawoli ikizuia, seva haifiki kabisa: itangoja mpaka muda upite, au muunganisho utakataliwa papo hapo. Ikilalamikia utambulisho, mara nyingi mashine mbili zimeshaonana na kuzungumza, ila hazijaaminiana. Tafuta kwenye majina, kwenye nenosiri, au kwenye saa.

Chukua Bacula, programu huria ninayoifahamu zaidi. Seva yake, inayoitwa Dairekta, hubisha hodi kwenye kompyuta mteja, yaani ile inayohifadhiwa mafaili, kupitia poti 9102, mlango wake wa mtandao. Nenosiri ambalo seva imewekewa kwa ajili ya kompyuta hiyo lazima lilingane herufi kwa herufi na lililomo kwenye faili la bacula-fd.conf la kompyuta yenyewe. Jina la Dairekta nalo lazima lilingane. Ujumbe unaotokea kwenye seva hurundika sababu kadhaa pamoja: huenda ni nenosiri, huenda ni jina, huenda kazi zimezidi kiwango. Kumbukumbu za matukio (logi) za kompyuta mteja ndizo husema wazi, kwa mfano kwamba aliyepiga hodi ni Dairekta asiyejulikana. Anzia huko, tafadhali.

Makosa yenyewe huwa madogo. Mtu amenakili mistari ya mipangilio kutoka hati ya Word, na alama za kunukuu zilizonyooka zimegeuka zilizopinda. Kwa macho zinafanana, kwa programu ni kitu kingine kabisa. Au amerekebisha faili vizuri kisha hakuiwasha upya programu ya upande wa mteja, nayo inaendelea kushika nenosiri la jana. NetWorker, programu nyingine ya bakapu, ina lake: huhifadhi taarifa za utambulisho wa kila mashine, kwa hiyo ukisakinisha upya mteja, taarifa za zamani zinabidi zifutwe ndipo akubalike.

Halafu kuna saa, ambayo watu huisahau kuliko yote. Stima ikipotea na kompyuta ni kuukuu, betri ya CR2032 kwenye ubao wake imeisha, ikiwaka saa yake inarudi miaka kadhaa nyuma. Kama mawasiliano yanalindwa kwa vyeti vya TLS, yaani hati za kidijitali zenye tarehe za kuanza na kuisha, mashine hiyo itaona cheti cha seva bado hakijaanza kutumika, na itakikataa. Mfumo wa Kerberos, unaothibitisha utambulisho kwenye mtandao, nao kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Tazama tarehe pembeni mwa skrini kabla hujagusa nenosiri lolote, na ubadilishe betri. Ni ileile ndogo ya duara inayouzwa na mafundi wa saa.

Ninachokipinga hasa ni hilo nenosiri moja kwa wote. Seva ya bakapu husoma mafaili ya kila kompyuta iliyosajiliwa, na inaweza kuyaandika upya wakati wa kurejesha. Mwizi akilipata nenosiri hilo kwenye kompyuta ya mapokezi, na hakuna faiawoli ya kumzuia, anaweza kujifanya seva na kuifikia ya mhasibu pia: akiba za wanachama, nambari za vitambulisho, rekodi za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uvujaji wenye hatari kwa wahusika uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujulikane. Atakayeandika ripoti hiyo ni ofisi, wakati fundi yuko kwa mteja mwingine.

Kwa hiyo nyinyi mameneja, kabla hamjamlipa fundi, mwambieni awaonyeshe faiawoli ikiwa imewashwa na kila kompyuta ikiwa na nenosiri lake. Kisha arejeshe kutoka kwenye bakapu faili moja la ile kompyuta mpya, mlifungue wenyewe na mlisome.