Senta yenye watu wa mji na mhuri wa kijiji

Shangazi yangu anaishi pembezoni mwa halmashauri moja ya mji. Nyuma ya nyumba yake kuna mahindi, mbele kuna mahindi ya jirani, na maji anachota kwenye kisima cha pampu ya mkono. Alipoomba kuunganishiwa umeme aliambiwa kwamba anapoishi ni mtaa, kwa hiyo yeye ni mtu wa mjini, na bei ya mjini ni shilingi 320,960. Mimi nimekulia kwenye senta yenye stendi, gesti zisizopungua kumi, maduka ya jumla na mashine za kukoboa zinazounguruma mpaka usiku. Kwenye makaratasi senta ile ni kijiji. Kule umeme ulikuwa unaingia ndani kwa 27,000.

Bei hizo mbili zilianza Januari 2022 na nia yake naielewa: mtu wa kijijini apate umeme kwa fedha anayoweza kuipata. Kinachoniumiza ni namna tunavyoamua nani ni wa kijijini. Shangazi aliuza mbuzi na kukopa kwenye kikoba ili alipie umjini ambao hajawahi kuuona. Wabunge wamelisemea sana jambo hili, mpaka ukasikia bungeni watu wakizungumzia mitaa "yenye sura ya kijiji". Nawashukuru. Ila kosa hilohilo lina upande wa pili ambao hausemewi kwa nguvu ile: vijiji vyenye sura ya mji. Watu wa senta yetu waliokoa karibu laki tatu kwenye umeme, lakini wanazilipa mara nyingi zaidi mahali pengine, na wengi hawajui kwamba wanazilipa.

Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, kijiji kinaongozwa na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25. Juu yao kuna mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Muundo huu ulifaa sana vijiji vilivyotokana na ujamaa wa miaka ya 70, ambako watu wanafahamiana na kila mmoja anajua shamba la mwenzake linaishia wapi. Sasa uchukue muundo huohuo uupeleke mahali penye watu 20,000, nusu yao wapangaji waliokuja kufanya biashara au kuchimba dhahabu. Mkutano mkuu utaukutanishia chini ya mwembe gani? Mtendaji wa kijiji ni mmoja. Sera ya afya imesema kwa miaka mingi: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Kijiji cha watu 2,000 na kijiji cha watu 20,000 vyote viko kwenye sentensi hiyo moja, na mama mjamzito wa senta anajua maana yake anapofika alfajiri akute foleni imeshazunguka jengo.

Kwenye ardhi ndiko kunakoumiza zaidi. Ardhi ya senta ni ardhi ya kijiji. Mwenye shamba akitaka kuuza anamwita mnunuzi, wanapima kwa hatua za miguu, mwenyekiti anaandika karatasi ya mauziano, anapiga mhuri, anapewa asilimia yake ya mazoea, basi. Hakuna mchoro wala bikoni, na hakuna mtu mwenye kazi ya kuuliza barabara itapita wapi. Kila muuzaji anakata kipande kwa faida yake, naye mnunuzi anajenga mpaka mwisho wa kipande chake, maana amekilipia. Baada ya miaka 10 unakuta nyumba nzuri za bati la rangi, za watu waliojinyima kwelikweli, zimetenganishwa na vichochoro ambavyo mkokoteni wa maji unapita kwa kubembelezwa. Baba mdogo alipofariki, gari lililoleta mwili lilisimama barabara kuu. Jeneza likabebwa mabegani, na kwenye kona mbili ilibidi liinuliwe juu ya ukuta wa watu. Tangu siku ile, mtu akiniambia kwamba mambo ya mipango miji ni ya wataalamu, nashindwa kumsikiliza hadi mwisho.

Twende kwenye hesabu, kwa sababu serikali inapanga kwa hesabu. Sensa ya 1967 ilikuta watu milioni 12.3, na waliokuwa wakiishi mijini hawakufika asilimia 7. Sensa ya 2022 imekuta watu 61,741,120, na sehemu ya wanaoishi mijini imekaribia asilimia 35. Ni mabadiliko makubwa ndani ya umri wa mtu mmoja. Lakini hiyo asilimia 35 inategemea mstari umechorwa wapi. Sensa zetu zimekuwa zikizipanga kata kuwa za mjini, za vijijini na za mchanganyiko, na neno hilo la tatu, mchanganyiko, ndilo lenye ukweli wa nchi hii. Ndani yake wamo watu kama wa senta yetu: wanauza nguo, wanachomelea mageti, wanaendesha bodaboda, na shamba wanalo lakini haliwalishi.

Tazama Katoro, kwenye barabara ya kutoka Geita kwenda Biharamulo. Kila mfanyabiashara wa Kanda ya Ziwa anapajua. Machimbo ya wachimbaji wadogo yako jirani, mzigo unashuka usiku na mchana, na wanunuzi wanatoka wilaya kadhaa kuja kufungasha pale. Ukiendelea na barabara hujui Katoro imekwishia wapi, umeshaingia Buseresere. Kwa mkazi ni mji mmoja, analala huku na kufungua duka kule. Kwa serikali huku ni Wilaya ya Geita na kule ni Wilaya ya Chato, halmashauri mbili, bajeti mbili, na takwimu zinazoandikwa kwenye kurasa tofauti za kitabu cha sensa. Mji ambao kila dereva wa lori anauona hauna ukurasa wake.

Halafu geuza uone upande wa pili. Nanyamba kule Mtwara ni halmashauri ya mji tangu 2015, na ndani yake kuna vijiji vingi vya wakulima wa korosho ambao maisha yao hayakubadilika kwa kubadilishwa bango la ofisi. Jiji la Dodoma lilihesabiwa kuwa na watu 765,179 mwaka 2022, lakini mipaka yake inakumbatia eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,500, pamoja na mashamba ya zabibu na mtama. Anayelima zabibu ndani ya mipaka hiyo ni mkazi wa jiji. Anayeuza vipuri Buseresere yuko wilayani.

Ipo njia nyingine ya kuhesabu. Machi 2020 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilikubali kipimo kinachogawa nchi kwenye miraba ya kilomita moja moja na kutazama watu wamesongamana kiasi gani, bila kujali kata wala wilaya. Palipo na watu wasiopungua 5,000 waliokaa kwa mfululizo, kwa msongamano wa watu 300 au zaidi kwa kilomita ya mraba, panahesabiwa kuwa mji. Panapofika watu 50,000 na msongamano wa 1,500, ni jiji. Sitaki kipimo hiki kifute vyeo vyetu. Neno jiji lina maana yake ya kiutawala na libaki nayo. Nataka kila matokeo ya sensa yawe na jedwali la pili linalotuonyesha miji ilivyo ardhini, ili Katoro na Buseresere zisomwe pamoja na shangazi yangu asomwe kuwa mkulima.

Tulishawahi kulipia kosa la kuitendea miji kama vijiji. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za miji zilifutwa na miji ikaunganishwa na wilaya zilizoizunguka. Shabaha ilikuwa kuinua vijijini, jambo la heshima kabisa. Ila takataka zilikosa wa kuzizoa, mitaro ikaziba, kipindupindu kikaingia mijini, na mwaka 1978 ikabidi itungwe sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji. Miaka 6 tu ilitosha. Senta zetu zimekaa kwenye hali hiyo kwa miaka 20, 30, na hakuna aliyezifuta, kwa sababu hazijawahi kuandikwa.

Wakati huohuo macho yote yako juu ya ngazi za hadhi: mji, manispaa, jiji. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018. Kahama ikapandishwa kuwa manispaa Januari 2021, na mwezi uliofuata Jiji la Dar es Salaam likavunjwa na hadhi yake kupewa Manispaa ya Ilala. Kahama ilistahili, tena ilichelewa: sensa ya 2022 iliikuta na watu zaidi ya 450,000, zaidi ya mara mbili ya Manispaa ya Shinyanga ambako ndiko makao makuu ya mkoa. Tunduma nayo, iliyokuwa na watu karibu 100,000 mwaka 2012, ilivuka 200,000 miaka 10 baadaye, huku makao makuu ya Mkoa wa Songwe yakiwa Vwawa. Miji ya namna hii angalau ina halmashauri yake na inaweza kuingia kwenye miradi mikubwa. Mradi wa TACTIC, kwa mfano, unajenga barabara, mitaro, stendi na masoko katika miji 45. Orodha hiyo imeandikwa kwa kufuata halmashauri za miji, manispaa na majiji. Senta iliyo chini ya halmashauri ya wilaya haina mlango wa kuingilia.

Ngazi ya chini ipo kisheria, inaitwa mamlaka ya mji mdogo. Ina baraza lake na ofisa mtendaji wake, ina vitongoji badala ya kijiji, lakini bado ni mtoto wa halmashauri ya wilaya na fedha yake inapitia huko. Kuifikia hata hiyo ni safari: mkutano wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, ya mkoa, ndipo TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Na katikati ya safari kuna kikwazo ambacho hakisemwi kikaoni. Ushuru wa soko, leseni za biashara, ada za machinjio na minada, sehemu kubwa ya mapato ya ndani ya wilaya nyingi inatoka kwenye senta moja au mbili. Diwani wa kata ya pembezoni akiunga mkono senta ijitegemee, kesho zahanati yake itajengwa kwa fedha ipi? Simlaumu. Ningekuwa yeye ningesita.

Serikali nayo imejibu mara nyingi bungeni kwamba imesitisha kuanzisha maeneo mapya ya utawala mpaka yaliyopo yakamilishiwe majengo na watumishi. Jibu hilo lina haki yake. Halmashauri mpya ni mkurugenzi, wakuu wa idara, magari na jengo la mabilioni. Ila senta haihitaji mkurugenzi kwanza. Inahitaji mpima. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaruhusu eneo litangazwe kuwa la mipango kabla halijapata cheo chochote, na halmashauri ya wilaya ndiyo mamlaka ya upangaji kwenye eneo lake. Wanakijiji wanaliogopa tangazo hilo, na woga wao una msingi, maana ardhi ikitoka mikononi mwa kijiji ikawa ya jumla, yaani chini ya kamishna wa ardhi, wao wanabaki watazamaji. Basi wakae mezani tangu mwanzo, barabara zichorwe wakiwapo, na mwenye shamba aahidiwe kwa maandishi viwanja vyake vilivyopimwa. Hiyo ni nafuu kuliko urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, ambao unakuja nyumba zikiwa zimeshasimama, kila mwenye nyumba anachangishwa, na bado vichochoro vinabaki vilevile kwa sababu hakuna anayekubali kubomoa jiko lake.

Kenya waliandika namba kwenye sheria yao ya miji ya 2011: jiji watu 500,000, manispaa 250,000, mji 10,000. Ngazi ya manispaa ikawa juu mno, miji mingi ikabaki nje, na mwaka 2019 wakashusha: jiji 250,000, manispaa 50,000. Katika marekebisho hayo wakaongeza kitu ambacho mimi ningekiiga kesho asubuhi, kituo cha soko chenye watu kuanzia 2,000. Yaani senta. Imepewa jina ndani ya sheria ikiwa bado changa, wakati mahindi yapo na barabara inaweza kuchorwa.

Nilikwenda nyumbani Agosti. Nyuma ya shule ya msingi kuna shamba la mzee mmoja ambaye wanawe wameanza kuliuza vipande vipande. Misingi miwili imeshachimbwa na tofali za kuchoma zimepangwa pembeni. Kati ya msingi mmoja na mwingine bado inaingia barabara ya magari mawili kupishana, mpaka kisimani. Nilimuuliza kijana mkubwa kama kipande hicho cha katikati kimeachwa makusudi. Akasema hapana, mnunuzi wake anakuja Jumamosi.