Nyumba za Mji Mkongwe ni za watu pia

Kinachonikera kwenye mjadala wa nyumba za serikali hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, ni kutakiwa tuchague: ama majumba yahifadhiwe, ama watu wa kipato kidogo wapate pa kukaa. Nani kasema haviwezi kwenda pamoja? Mengi yalitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, wakapangishwa watu wa kawaida, na hao ndio walioufanya mji uwe hai mpaka UNESCO ikautia kwenye urithi wa dunia mwaka 2000.

Kuta za mawe ya matumbawe zinataka chokaa. Lakini fundi akija kuziba ufa anakuja na mfuko wa saruji, maana inashika haraka. Saruji inafungia unyevu ndani, plasta inabanduka mapande mapande, boriti za mkoko zinaoza pale zinapoingia ukutani. Halafu lawama anabebeshwa mpangaji, eti hajui kutunza! Mpangaji gani ana uwezo wa kubadilisha boriti za ghorofa tatu? Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020, na lile lilikuwa jengo la makumbusho, halina familia hata moja ya kusingiziwa.

Watu wanaogopa kuhama kupisha ukarabati kwa sababu wanahofia watakuta hoteli. Basi tengenezeni mapaa na mabomba kabla ya masika, na kila anayehamishwa apewe maandishi ya kumrudisha nyumba ile ile, kwa kodi anayoimudu.